Aibu Haiui Bakteria

Hii ni ya waliofika 18. Kama hujafika, pita tu, tutaonana posti ijayo.

Hapa Bondeni ukinunua soketi ya stima, fundi atakuuliza kama ina alama ya KEBS. Lakini vaibreta, kitu cha kugusa sehemu laini kuliko zote mwilini, mtu anaagiza usiku kwa siri, analetewa na nduthi kwa bahasha ya kaki, na swali lake ni moja tu: pesa ngapi? Si huo ni wazimu? Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 24, yangu ya kwanza niliichagua kwa rangi. Ilinuka kama ndala mpya.

Wengine mnasema mada hii ni uchafu. Sawa, msinunue. Lakini msituambie eti kunyamaza kunamlinda msichana. Kunamlinda muuzaji wa raba mbovu.

Mwaka 2021, ule ule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 3533 cha usalama wa vifaa hivi. Yaani ni bidhaa, zinapimwa.

Kwa hivyo wachana na rangi na idadi ya spidi. Uliza imetengenezwa na nini. Silikoni halisi haina vitundu, inaosheka kwa sabuni na maji. Jeli laini ina vitundu vinavyoficha bakteria hata uoshe vipi. Na usiazimane.

Muuzaji akikosa jibu, funga pochi. Usione haya kuuliza. Mwili ni wako.