Kima wa Jozani na biashara za wanachuo



Siku hizi mwanachuo anayetaka kuanzisha biashara hahitaji kusubiri semina. Akiwa Tunguu, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ananunua bando, anatazama video za ujasiriamali kwenye simu, anajibu maswali, anaandika mpango wa biashara na kupata cheti. Mimi nayaunga mkono mafunzo haya. Ajira za serikali hazitutoshi, na kijana anayejua kutofautisha mauzo na faida amejiepusha na mengi.

Shida yangu ni lile jedwali la gharama. Malighafi, pango, usafiri, mshahara: yote ni yale anayolipa mwenye biashara. Hasara inayomwangukia jirani haina mahali pa kuandikwa.

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anasimulia habari za Thales, mwanafalsafa aliyechekwa kwa umaskini. Alisoma nyota, akatambua kwamba zeituni zingezaa sana, akakodi mapema mashinikizo yote ya kukamulia mafuta kwa bei ndogo. Mavuno yalipofika akayakodisha kwa bei aliyotaka. Walimu wa ujasiriamali wangempa alama zote. Lakini wakulima wasio na shinikizo jingine la kukimbilia walilipaje? Hadithi haisemi, na sisi tunaosoma falsafa (tuseme kweli) hatuna desturi ya kuuliza.

Ukitoka Tunguu kuelekea Paje, barabara inapita Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004. Humo wamo kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Watalii hulipa kuwaona. Lakini kima haohao huingia mashambani na kula mazao, na kwa miaka mkulima alibeba hasara huku wengine wakihesabu kiingilio. Hali ilianza kubadilika pale sehemu ya mapato ya watalii ilipoanza kuwarudia wakulima na vijiji jirani. Manung'uniko hayajaisha yote, ila hasara ya jirani iliingia kwenye hesabu.

Sasa tuseme mwanachuo anataka kutengeneza sabuni ya mwani. Kozi itamwambia apunguze bei ya malighafi. Malighafi hiyo ni mama wa Paje au Jambiani aliyeinama majini kwa saa nyingi, ambaye mara nyingi hupangiwa bei na mnunuzi. Atakubali bei ndogo kwa sababu ana watoto. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba makubaliano ya namna hiyo hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki.

Wenzetu wengi vyuoni hapa ni Waislamu, nao wana swali lao zito la riba, ambalo kozi iliyotungwa mbali huliruka.

Kwa hiyo naziomba parokia na vikundi vya wanafunzi Wakatoliki vinavyowahimiza vijana kusoma kozi hizi waongeze zoezi moja. Kabla ya kujaza jedwali, mwanafunzi aende akakae na yule atakayebeba gharama ya biashara yake, amuulize bei gani ingemfaa, kisha aiandike hiyo kwanza. Kama ni mwani, aende wakati wa bamvua. Maji yakiwa mafu, kina mama hawatakuwa shambani.