Mashauri ya Motokaa: Oili Hushuka, Haipandi

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa mmoja mdogo wa motokaa, ambao kwa kudharauliwa, au kwa kutojulikana mahali unapoanzia, huwatia wengi katika hasara kubwa. Ugonjwa wenyewe ni kuvuja kwa oili chini ya kile kifuniko cha juu ya injini ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava.

Jirani yangu mmoja ni mzee mkulima, naye hupeleka maziwa kila alfajiri kwa pikapu yake. Siku moja aliona matone ya oili ardhini, mahali injini inapokutana na giaboksi. Fundi aliyemwendea alichungulia chini, akasema oili sili ya nyuma ya krenki imekufa, na kwamba hapana budi giaboksi ishushwe. Mzee alikuja kwangu jioni ile akiwa na huzuni, akaniuliza, “Mwalimu, niuze mtamba wangu?” Nikamjibu, “Ngoja kwanza, Mzee. Tuioshe injini, kisha tutazame juu.”

Tukaipangusa, tukaikausha. Kesho yake baada ya safari ya maziwa tukamulika kwa tochi. Oili ilikuwa ikitoka katika pembe ya nyuma ya tapeti kava, ikateremka taratibu mgongoni mwa injini, ikadondokea chini kabisa. Oili sili ilikuwa nzima. Kilichokufa ni gasketi moja ya mpira, na kazi ya kuibadili ilitutwaa alasiri moja tu. Hili ndilo neno la kwanza la kukumbuka: oili hushuka, haipandi. Uonapo tone chini, anza kutafuta juu.

Chini ya kifuniko hicho mna vali na vyombo vinavyozisukuma, navyo huogeshwa kwa oili muda wote injini inapozunguka. Kati ya kifuniko na silinda hedi huwekwa gasketi ili oili isitoke. Katika magari mengi ya zamani ilitengenezwa kwa gamba la mti, lile lile la vizibo vya chupa. Siku hizi ni ya mpira. Joto la miaka mingi huufanya mpira uwe mgumu, nao mpira mgumu hauwezi tena kujaza nafasi.

Usiseme, “Ni tone tu.” Oili ikiangukia ekzosi yenye moto hutoa moshi na harufu mbaya, nayo yaweza hata kuwaka. Ikiingia katika visima vya plagi, injini hukosa nguvu na kukohoa. Tena, katika motokaa nyingi ndogo, tofauti ya alama ya juu na ya chini katika kijiti cha kupimia ni yapata lita 1 tu. Mtu asiyepima hupoteza lita hiyo bila kujua, na injini iliyokosa oili hufa kabisa.

Basi ukiwa na hakika kwamba ni kifuniko, nunua gasketi ya injini yako hasa. Mpe mwenye duka jina na nambari ya injini, wala si rangi na umbo la gari. Omba pamoja nayo zile pete za mpira za visima vya plagi, kama injini yako inazo, na mipira ya chini ya nati. Tafuta boksi spana. Katika magari mengi ya Kijapani ni ile ya nambari 10. Uwe pia na matambara safi na kipande cha mti au cha plastiki cha kukwangulia.

Injini na ipoe kabisa. Ondoa waya wa betri ulio upande wa alama ya kutoa. Zitie alama waya za plagi au koili kabla ya kuzing’oa, kwa maana ukizibadilisha mahali injini haitakwenda sawasawa. Ondoa na mpira wa kupumulia uliounganishwa na kifuniko. Kisha legeza bolti kidogo kidogo, na kila moja uichomeke katika kadibodi kwa mpango ule ule zilivyokuwa, kwani pengine urefu wake si mmoja. Kifuniko kikishikamana, kigonge polepole kwa nyundo ya mpira. Usikichokoe kwa bisibisi. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja ni mlango mpya wa oili.

Sasa yaja kazi ya kusafisha, na hapa ndipo wengi hushindwa. Funika vyombo vya ndani kwa tambara safi, ili uchafu usiangukie humo. Kwangua mabaki yote ya gasketi ya zamani na ya gundi, katika mfereji wa kifuniko na juu ya silinda hedi, mpaka uso uwe mkavu na laini. Kilaze kifuniko juu ya kioo au meza iliyo bapa, uone kama hakikupinda. Tazama pia vali ya kupumulia. Katika injini nyingi, ukiitoa na kuitikisa, iliyo nzima hulia ndani. Ikiziba, pumzi za injini hukosa njia na kuisukuma oili nje, hata gasketi mpya itavuja.

Weka gasketi katika mfereji wake, ikae sawasawa pande zote. Gasketi ya mpira haitaki kupakwa gundi kila mahali. Gundi ya silikoni hutiwa kidogo tu katika zile pembe ambapo vipande viwili vya injini vinakutana, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mtu akiimimina kama uji, iliyozidi hukatika ndani, hushuka katika sampu, na yaweza kuziba chujio ambalo oili hunyonywa kwalo. Hapo dawa imekuwa sumu.

Teremsha kifuniko wima, bila kukiburuta. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, ukivuka upande huu na upande huu, kwa awamu mbili au tatu.

Nalo neno la pili la kukumbuka ni hili: mkono uwe mwepesi. Bolti za kifuniko hiki katika motokaa nyingi ndogo hukazwa kwa nguvu ya nyutonimita 6 mpaka 10 tu, ambapo nati za magurudumu hukazwa kwa yapata 100. Shika spana fupi karibu na kichwa chake, na bolti ikifika kikomo, acha. Kijana mwenye nguvu ataka kukaza zaidi ili oili isipite kamwe. Walakini afanyacho ni kukamua gasketi itoke mahali pake, kupinda kifuniko, au kukata bolti ndani ya silinda hedi. Kuitoa bolti iliyokatika ni kazi ngumu na ya gharama kuliko gasketi kumi.

Rudisha waya kwa alama zake, pima oili, na ngoja gundi ikauke kwa muda ulioandikwa katika kibweta chake. Washa injini, iache izunguke polepole, na umulike pande zote. Angalia tena kesho asubuhi, na tena baada ya juma moja. Matambara yenye oili usiyatupe mtoni wala shambani.

Hatusemi kwamba kila mtu aifanye kazi hii. Ziko injini ambazo kifuniko chake kimefichwa chini ya mabomba mengi, na hizo ni heri kumpelekea fundi aliyezoea. Lakini hata ukimpelekea, nenda ukijua la kuuliza: “Je, umetazama juu kabla ya kushusha giaboksi?” Swali hilo moja laweza kukuokolea fedha nyingi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba kabla ya kuziba, ujue kwanza ufa ulipo. Pikapu ya mzee yapeleka maziwa kila alfajiri kama kawaida, na mtamba wake yungali zizini.