Waliomzomea O'Casey

Hakuna mcha Mungu asiyejua kwamba kumhukumu mtu kabla hajamaliza kusema ni dhuluma. Hata hivyo wapo watu wazima, wenye heshima zao, ambao wakiingia kwenye ukumbi wa maonyesho adabu hiyo huiacha mlangoni pamoja na viatu vya matope. Wasomaji wa makala haya ni waungwana, hayawahusu. Ila kila mmoja anaye jirani yake.

Wawatazame watu wa Dublin, Februari 1926. Ukumbi wa Abbey ulikuwa ukionyesha The Plough and the Stars, tamthilia ya Sean O'Casey kuhusu uasi wa Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza. Watazamaji walitaka mashujaa watupu. O'Casey akawaletea walevi, waporaji wa maduka, kahaba, na bendera ya wapiganaji ikiingizwa baa. Usiku wa nne mambo yakachafuka: mayowe, watu wakaparamia jukwaa, ngumi zikarushwa. Kweli, miongoni mwao walikuwamo wajane na mama wa waliouawa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini waigizaji walikosa nini?

Mshairi W. B. Yeats, mmoja wa wakuu wa ukumbi, alipanda jukwaani akawakaripia kwamba wamejiaibisha tena. Tena, kwa sababu mwaka 1907, papo hapo, walimzomea mwandishi mwingine wa tamthilia, J. M. Synge, na moja ya yaliyowaudhi ni neno la vazi la ndani la mwanamke. Nyani haoni kundule!

Na O'Casey, mzomewa wa 1926, alikuwa mtoto wa mji huohuo, aliyezaliwa 1880, akafiwa na baba mapema, macho mabovu tangu utotoni, kibarua wa koleo kwa miaka mingi. Abbey ilimrudishia miswada kadhaa kabla ya kuonyesha mchezo wake 1923, akiwa na miaka 43. Waabudu vyeti wa leo hata wasingeufungua. Wangeuliza kwanza amesoma chuo gani. Ujinga gani huu wa kupima chungu kwa kabati kilimowekwa?

O'Casey alihamia Uingereza. Mwaka 1928 Yeats yuleyule, mtetezi wa jana, aliukataa mchezo wake The Silver Tassie. Mwandishi hakurudi tena kuishi kwao, akafia Torquay mwaka 1964. Tangu 2005 Dublin ina daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Liffey, lenye jina la Sean O'Casey.