Askari akifa, kwao waambiwe kwanza

Tulikuwa tumekaa nje ya duka baada ya Alasiri hapa Majengo, Embu, simu moja ikipokezwa mkono kwa mkono. Ilikuwa Septemba 2025. Rais Ruto alikuwa amesimama kwenye Umoja wa Mataifa kule New York na kuwakumbuka polisi wetu watatu waliofia Haiti: Samuel Tompoi Kaetuai, Benedict Kabiru Kuria na Kennedy Mutuku Nzuve. Mzee mmoja akarudisha simu, akauliza, "Huyu wa kati si walisema amepotea?"

Ndivyo walivyosema. Kaetuai alipigwa risasi tarehe 23 Februari 2025 katika jimbo la Artibonite, wa kwanza wa kikosi kile kuuawa. Jina lake lilitangazwa, maiti ikaletwa nyumbani, akazikwa. Nzuve alifariki katika ajali ya barabarani mwishoni mwa Agosti, nayo ikatangazwa. Kabiru alikuwa na wenzake tarehe 25 Machi, huko huko Artibonite, walipokwenda kulinasua gari la polisi wa Haiti lililokwama kwenye mtaro, wakaviziwa na magenge. Taarifa rasmi ikasema hajulikani alipo. Vyombo vya habari vya Haiti vilikuwa vikisema ameuawa. Familia yake ilifika hadi Mahakama Kuu kuuliza. Miezi sita baadaye, jibu likatoka kwenye jukwaa la New York.

Najua wasomaji wengine watakunja uso. Polisi wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile ambayo polisi wenzao Nairobi walikuwa wakiwafyatulia risasi vijana penye Bunge. Na sisi Waislamu, wa Pwani na wa bara, tuna daftari letu. Tunawajua vijana waliotolewa majumbani usiku na hawakurudi, na mama zao waliozunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti mpaka viatu vikaisha. Sikuja hapa kumsafisha mtu.

Lakini ndiyo sababu kisa cha Kabiru kinatuhusu. Swali la familia yake ndilo swali la mama yule wa Likoni au Lamu: mtu wangu yuko wapi? Serikali iliyomwacha mzazi wa askari wake yenyewe akisubiri miezi sita, mzazi wa kijana aliyechukuliwa na watu wasiojulikana atatarajia nini kwake?

Na kusubiri huku si uchungu wa moyo tu. Mume akifa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Zinahesabiwa kuanzia lini ikiwa hakuna wa kusema alikufa siku gani? Mirathi haigawanywi ya mtu ambaye kifo chake hakijathibiti. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka miaka saba ya kutosikika kabla ya kumdhania mtu amekufa. Kabiru hakuwa Mwislamu, lakini kila dini ina lake la kufanya mtu anapofariki, na yote huanzia kwenye neno moja la uhakika.

Itasemwa ni mambo ya usalama, wenzake bado walikuwa vitani, mwili haujapatikana. Ninaelewa mwili usipopatikana. Sielewi kwa nini ofisa asiende nyumbani kwa wazazi, avue kofia, aseme tunalolijua ni hili, na hili hatulijui. Hilo halihitaji ndege wala bajeti. Baada ya El Adde, Januari 2016, idadi rasmi ya wanajeshi wetu waliouawa haikutolewa, na mpaka leo watu hubishana vibarazani kwa kukisia. Marekani, ambayo nayo ina lawama zake nyingi kuhusu polisi, imechonga kwenye ukuta mmoja Washington majina ya waliouawa kazini, manaibu wa sherifu wa vijiji vidogo wakiwemo.

Jirani yangu ana kijana anayekimbia kila alfajiri, akingojea polisi watangaze kuandikisha. Kazi hakuna, na mshahara wa serikali ni mshahara. Mama yake anamwamsha mwenyewe kabla ya adhana. Jioni ile ya simu alisikia mazungumzo yetu, akasimama kidogo na ndoo yake, akauliza kama polisi huandika namba ya mama kwenye fomu au ya baba peke yake. Hakuna aliyemjibu.