MATHENGE: ANZA NA MTI ULIO PEKE YAKE

Mwenye mifugo wa Baringo hana haja ya kuambiwa ya kuwa mathenge ni adui. Mti huu, ambao asili yake ni Amerika, ulipandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, na upepo usipeperushe udongo. Haukukaa ulipopandwa. Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyala, sukari hushika menoni, na meno huoza. Mwaka 2006 wenyeji waliishitaki Serikali, na mbuzi kibogoyo akaletwa mahakamani Nairobi.

Basi neno letu hapa si juu ya ubaya wa mti, bali juu ya mahali pa kuanzia kazi. Watu wengi huuingilia msitu mnene kwa mapanga, kwa kuwa ndio unaowaudhi, na nguvu zao hupotea bure. Mathenge uliokatwa usawa wa goti hutoa machipukizi mengi kuliko kwanza. Afadhali uanze katika malisho yaliyo safi bado, uutafute mti mmoja mmoja ungali mchanga.

Usiudhanie kuwa mgunga. Mgunga wa huko una maua meupe ya mviringo na maganda yaliyojisokota. Maua ya mathenge ni marefu kama mkia, ya manjano hafifu, na maganda yake yakiiva ni ya manjano, yamenyooka au yamepinda kidogo tu.

Ukiupata, fukua udongo, uukate mzizi shibiri moja au zaidi chini ya ardhi, kisha upande nyasi pale pale.

Wako wasemao ya kuwa wachoma makaa watatumalizia kazi. Makaa yake ni mazuri kweli. Lakini mchoma makaa huliacha shina, apate cha kukata mwakani.

Tena, mbegu hupita tumboni mwa mnyama bila kufa, na samadi huwa mbolea yake. Kwa hiyo mifugo iliyokula maganda ifungiwe zizini siku kadhaa kabla ya kwenda malisho safi. Ukitaka kuilisha maganda, yasage mpaka mbegu zivunjike, uyachanganye na chakula kingine.

Mbegu hukaa ardhini miaka mingi. Baada ya kila mvua rudi ulipong'oa, uking'oe kila kichipukizi kwa mkono, udongo ungali laini.