Mashindano ya Redio: Nani Hasa Anayeshinda?

Likizo ya Desemba iliyopita niliimalizia kwa shangazi yangu, muuza mboga sokoni. Redio yake ndogo huning'inia juu ya magunia ya viazi tangu alfajiri hadi machweo. Asubuhi moja mtangazaji aliuliza: mji mkuu wa Kenya ni Nairobi ama Kisumu? Mimi nikaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alitoa simu, akatuma jibu pamoja na shilingi 20. Punde si punde ujumbe ukaingia: hongera, umekaribia kushinda, jaribu tena!

"Shangazi, kwani mtu hukaribiaje kushinda na jibu amelitoa sawa?" nikamwuliza.

"Wewe mwanangu soma vitabu vyako. Leo ni zamu yangu," akanijibu.

Jioni aliponipa simu nimwangalizie salio, nilipitia ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja. Mwezi huo pekee alikuwa ametuma shilingi 640. Ishirini ishirini, mara thelathini na mbili! Ile kamusi aliyoniahidi sikuthubutu tena kuitaja.

Sisemi redio zisijitangaze, la hasha. Kabla ya Capital FM kuingia hewani mwaka wa 1996, KBC ilikuwa na uwanja peke yake. Siku hizi ukizungusha kisu cha redio kidogo tu, umeangukia stesheni nyingine. Lazima kila moja itafute mbinu ya kumshika msikilizaji asihame. Ninachouliza ni hiki: swali ambalo mtoto wa chekechea analijua ni shindano la nini? Hilo ni bahati nasibu iliyovishwa kanzu ya chemshabongo. Hebu piga hesabu. Watu elfu kumi wakituma shilingi 20 kila mmoja, hizo ni 200,000. Mshindi akipewa 50,000 kwa shangwe na vigelegele, 150,000 zimebaki mezani, na aliyezitoa ni msikilizaji mwenyewe. Tena michezo hii hupigiwa debe wakati watoto wanakunywa chai waende shule. Mnamo Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari katika vyombo vya habari kwa siku 30. Siku 30 jamani! Shangazi angepumzika mwezi mmoja tu.

Na msidhani kwamba shindano lisilotoza pesa ni salama moja kwa moja. Huko Sacramento, Marekani, Januari 2007, stesheni ya KDND iliwaita wasikilizaji wanywe maji mengi bila kwenda msalani, atakayevumilia zaidi apewe mashine ya michezo ya Nintendo Wii. Msikilizaji mmoja alipiga simu kuonya kwamba maji mengi hivyo huua. Watangazaji wakafanya mzaha. Mama mmoja wa watoto watatu alifariki siku iyo hiyo, na mwaka wa 2009 mahakama ikaamuru familia yake ilipwe zaidi ya dola milioni 16. Yote hayo kwa kutafuta kichekesho cha asubuhi!

Mbinu njema zipo, tena si ghali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliandaa mashindano ya hadithi fupi. Wasikilizaji wakaandika, na hadithi zilizofaulu zikachapishwa vitabuni. Stesheni ilijipatia jina, nasi tukapata vitabu. Zetu zinashindwa na nini?

Mimi ningependekeza vitendawili. Msikilizaji apige simu, amtegee mtangazaji. Mtangazaji akikwama, atoe mji, lakini autoe kwelikweli: Jumamosi inayofuata kipindi cha asubuhi kitangazwe kutoka soko la huyo msikilizaji, gari la stesheni likiwa pale, muziki ukilia, wauza mboga wakisalimia jamaa zao hewani. Simu iwe ya bure, ama stesheni ndiyo impigie mtu. Tuzo iwe karo ya muhula, au hata kamusi (msinicheke). Jina la mshindi lisomwe pamoja na kijiji chake, ili majirani wakamwulize kama kweli amepokea. Hapo stesheni itakuwa imejitangaza soko zima kwa bei ya mafuta ya gari.

Stesheni itakayothubutu ijue kwamba Chama chetu kiko tayari. Tunacho kitendawili kimoja ambacho hata mwalimu mlezi alikizungukia juma zima, akakuna kichwa, mwishowe akatupa Lamu.