Mashine Irudie, Sisi Tuangalie

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilikesha siku nne nikifanya kazi ya punda. Nilikuwa na mafaili 36 ya Excel, moja kwa kila bwawa la samaki nililopima nikiwa fildi: joto la maji kila alfajiri, na oksijeni iliyomo. Nafungua faili, nachagua safu, nafanya rigresheni, nanakili namba kwenye jedwali kuu, nafunga. Halafu linalofuata.

Kwenye faili la 23 usingizi ulinizidi, nikachagua safu si yake. Matokeo yakaonyesha kwamba maji yakipata joto, oksijeni inaongezeka. Mimi wala sikushtuka. Aliyeshtuka ni msimamizi wangu: "Tangu lini, mwanangu, maji ya moto yakashika oksijeni kuliko ya baridi?" Ikabidi nirudie yote 36, maana sikuwa na njia ya kujua wapi pengine nimeboronga.

Rafiki yangu wa bwenini aliponionea huruma, alikaa nami jioni moja tukaandika skripti fupi ya R. Inafungua kila faili, inatafuta safu kwa jina lake, inahesabu vipimo vilivyopo, inafanya rigresheni na kuandika jibu kwenye jedwali moja. Ilimaliza kabla chai haijapoa. Tena iligoma kwenye faili moja nililoandika 25,4 badala ya 25.4. Macho yangu yalikuwa yamelipita mara mbili.

Wapo watakaosema tukiachia kompyuta kazi hii tutahitimu bila kujua rigresheni ni nini. Jamani, tuwe wakweli. Mara ya 36 sikuelewa chochote zaidi ya mara ya pili. Na wangapi kati yetu wanakata bumu kumlipa mtu wa steshenari awachambulie data, kisha wanatetemeka siku ya utetezi? Huko ndiko kutojua.

Hatari ya kweli ipo kwingine. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga seti 4 za data zenye wastani uleule na mstari wa rigresheni uleule. Ukizichora, moja imepinda kama upinde, nyingine imevutwa na nukta moja tu. Anayesoma jedwali peke yake hawezi kuona tofauti. Kwa hiyo skripti ichore grafu ya kila faili, nawe ukae uzipitie zote. Na kumbuka: ukitumia kipimo cha asilimia 5 kwenye mabwawa 36, karibu mawili yanaweza kuonekana yana uhusiano kwa bahati nasibu tu. Usitangaze hayo mawili ukayaficha 34.

Faida nyingine ni kwamba mwenzako anaweza kukukagua. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Marekani, alipewa faili la Excel lililotumika kwenye makala maarufu ya mwaka 2010 ya wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Akakuta fomula ya wastani imeziruka nchi 5. Wenyewe walikiri kosa hilo. Kama wabobezi wa Harvard waliteleza kwenye Excel, sisi wa kukesha na kahawa ni nani?

Naiomba serikali ya wanafunzi itafute Jumamosi mbili kabla ya fildi, waliobobea watufundishe sisi wengine. R na Python ni za bure, maabara ya kompyuta Jumamosi ziko tupu. Na wasimamizi wetu, kwa heshima zote, mtudai skripti pamoja na data kwenye viambatisho. Zile siku nne nilizokesha ningezitumia kujiuliza kwa nini bwawa la 9 lilikuwa likiua samaki. Swali hilo sikupata muda wa kulijibu, na mwenye bwawa bado ananiuliza.